HESHIMA YA KUAZIMA: CHUO CHA WANAWAKE MBELE YA MACHO YA FASIHI

Utangulizi

Kwetu Tanga ukitaja neno "chuo" mbele ya mtu mzima, hatafikiri kwanza Mlimani wala Cambridge. Atafikiri chuoni: jamvi, juzuu, mwalimu mwenye bakora, na watoto wanaosoma kwa sauti hadi barabara ya pili wanasikika. Bibi yangu wa Ngamiani alihitimu chuoni akiwa hajavunja ungo, na shule ya serikali hakuikanyaga hata siku moja. Likizo iliyopita aliponiona nafunga sanduku kurudi Chuo Kikuu aliniuliza, "Mjukuu wangu, hicho chuo chenu mwalimu wake nani?" Nikamtajia kitivo, nikamtajia idara, nikamtajia na shahada. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sijakuuliza ukubwa wake. Nimekuuliza mwalimu wake."

Swali hilo nilirudi nalo Dar es Salaam, na halikupita juma likakutana na ugomvi. Katika semina yetu tulikuwa tunajadili kitabu cha Virginia Woolf, A Room of One's Own, ambacho humu nitakiita Chumba kwa ufupi. Ndugu mmoja, msomaji hodari na msemaji hodari zaidi, akasema kwamba chuo cha wanawake kilichoambatanishwa na chuo kikuu chenye jina ni kama jiko la uani. Nyumba kubwa ndiyo yenye jina mtaani. Jiko linajulikana kwa sababu tu limeegemea ukuta wa nyumba. Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka, tena kwa sauti, na hicho ndicho kilichonikosesha usingizi usiku ule. Mie nimesoma shule ya wasichana tupu kabla ya kuja hapa. Nilikuwa najicheka mwenyewe bila kujua.

Makala haya yanakusudia kumjibu ndugu huyo, lakini si kwa hasira. Nataka tuchunguze kwa kutumia maandishi swali hili: heshima ya chuo cha wanawake ni yake mwenyewe, au ni ya kuazima kama vazi la harusi linalorudishwa kesho yake asubuhi?

Mezani Fernham

Tuanze na Chumba chenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1929, na kinatokana na mihadhara miwili ambayo Woolf aliitoa Oktoba 1928 katika vyuo viwili vya wanawake vya Cambridge, yaani Newnham na Girton. Wengi wetu tunakijua kwa hoja moja tu, kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji fedha na chumba chake. Hoja hiyo imekaririwa mno hadi tumesahau jinsi inavyojengwa. Woolf haanzi na nadharia. Anaanza na kufukuzwa, kisha anaingia mezani.

Msimulizi wake anatembea katika chuo kikuu cha kubuni, Oxbridge. Anakanyaga nyasi, anafukuzwa, kwa kuwa nyasi ni za wanazuoni na yeye mahali pake ni kwenye changarawe. Anafika maktaba, anazuiwa mlangoni, kwa kuwa mwanamke haingii humo ila afuatane na mwanazuoni wa chuo au awe na barua ya kumtambulisha. Mchana anakula katika chuo cha wanaume: samaki, kwale, kitindamlo, mvinyo unaojazwa tena na tena. Usiku anakula Fernham, chuo cha wanawake cha kubuni: supu nyepesi, nyama na mboga na viazi, plamu kavu na kastadi, biskuti na jibini, na maji ya jagi. Hapo ndipo anapouliza kwa nini jinsi moja inakunywa mvinyo na nyingine maji.

Hapa kuna jambo ambalo wahakiki wa semina yetu walilipita haraka. Woolf angeweza kuwapaka mafuta wenyeji wake. Wasichana wale walikuwa Cambridge! Angeweza kuwaambia kwamba wamebahatika, kwamba jina la chuo kikuu linawafunika wao pia. Hakufanya hivyo. Alihesabu sahani. Kwa kuhesabu sahani alionyesha kwamba jina linaweza kuazimwa lakini mvinyo hauazimwi.

Historia inamuunga mkono. Girton kilianzishwa mwaka 1869, Newnham mwaka 1871. Mwaka 1890 Philippa Fawcett wa Newnham alipata alama za juu kuliko mwanamume aliyeshika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hisabati wa Cambridge, na bado hakupewa shahada, kwa kuwa wanawake hawakuwa wakipewa. Mwaka 1897 pendekezo la kuwapa lilishindwa kwa kura. Mwaka 1921 lilishindwa tena, wakaruhusiwa kupata jina la shahada bila haki za mwanachama wa chuo kikuu, na vijana wa kiume walisherehekea kwa kwenda kuvunja lango la Newnham. Shahada kamili zilikuja mwaka 1948. Tangu 1869 hadi 1948 ni miaka 79.

Sasa hebu tujitazame sisi. Chuo chetu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Nasi tulikuwa jiko la uani, bwana! Mwaka 1963 tukawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 tukawa chuo kikuu kamili. Miaka 9. Kwa hiyo kuazima jina si aibu ya wanawake peke yao. Kila chuo kichanga huazima. Linalotofautisha ni muda ambao mwenye jina anakuacha ukiwa mdeni. Nchi changa yenye bendera ilisubiri miaka 9. Wanawake wa nchi tajiri, katika mji uleule wa chuo kikuu kilekile, walisubiri 79.

Herufi mbili bustanini

Lakini je, Fernham hakina chochote kilicho chake? Hapa nakuomba msomaji urudi kwenye sura ya kwanza usome polepole. Kabla ya chakula, jua likizama, msimulizi anasimama bustanini. Katika giza jepesi anaona umbo la mwanamke aliyeinama kidogo, mwenye paji la uso pana na nguo zilizochakaa, na anajiuliza kama ndiye yule mwanazuoni mashuhuri. Hamtaji jina. Anaandika herufi mbili tu, J na H. Wasomaji wa wakati ule walimtambua: Jane Harrison, bingwa wa dini na sanaa za Wayunani wa kale, aliyesoma na kufundisha Newnham na kufariki Aprili 1928, miezi michache tu kabla ya mihadhara ile.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye moyo wa sura nzima. Bibi yangu angeuliza, "Mwalimu wake nani?" na Woolf anamjibu kwa herufi mbili. Katika chuo cha wanaume tunaonyeshwa majengo, dhahabu ya wafalme, kwale na mvinyo. Katika Fernham tunaonyeshwa mtu. Heshima ya Oxbridge ni ya ukuta; heshima ya Fernham, kwa dakika moja, ni ya mwalimu aliyevaa nguo kuukuu. Kisha supu inaletwa, na nyepesi yake inatukumbusha kwamba mwalimu bora naye hula.

Basi kipimo cha bibi na kipimo cha Woolf vinakaribiana. Mmoja hakujua Kiingereza, mwingine hakujua Kiswahili.

Mbweni na Kiungani

Mtu ataniambia, haya ni mambo ya Uingereza, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, hasa sisi wa Tanga. Msomaji wa Muheza au Korogwe anazijua herufi UMCA tangu utotoni. Misheni ile ilitokana na hotuba aliyoitoa Livingstone Cambridge mwaka 1857, na "vyuo vikuu" vilivyomo katika jina lake ni Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Yaani Magila yetu ilikuwa tawi la mbali la nyumba ileile kubwa iliyomfukuza msimulizi wa Woolf kwenye nyasi.

Misheni hiyo ilikuwa na shule mbili kubwa Unguja. Kiungani kilikuwa chuo cha wavulana, cha kufundisha walimu na makasisi. Mbweni, kwenye shamba lililonunuliwa mwaka 1871, ilikuwepo shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, wengi wao wakiwa wametolewa katika majahazi ya watumwa. Tazama mwaka huo: 1871 ndio mwaka wa Newnham pia. Mwalimu aliyeijenga Mbweni ni Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kuishi hapo hadi kufa kwake. Wasichana walijifunza kusoma, kushona, kufua na kupika. Baadhi wakawa walimu, na wengi wakaolewa na vijana wa Kiungani na kufuatana nao bara, Magila ikiwemo.

Sasa tufanye kazi ya mhakiki: tutafute sauti. Kiungani ina sauti. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu kinachoitwa Kiungani, chenye habari za maisha zilizosimuliwa na wavulana wenyewe: kutekwa kwao, kuuzwa, safari ya baharini. Mwaka 1888 palepale likaanza Msimulizi, gazeti la kwanza la Kiswahili, na miaka michache baadaye Magila ikawa na Habari za Mwezi. Mbweni je? Wasichana waliotekwa njia zilezile, waliouzwa soko lilelile, hawakupewa kitabu kinachoitwa Mbweni. Habari zao tunazipata zaidi katika barua na ripoti za waliowafundisha. Kwa hiyo Mbweni ina mwalimu anayejulikana, lakini wanafunzi wake hawana sauti. Leo ukienda utakuta magofu, na mgeni anaelezwa habari za majengo.

Naona hapa inabidi kukiongeza kipimo cha bibi. Haitoshi kuuliza chuo mwalimu wake nani. Tuulize pia: aliyefundishwa alisema nini, na nani alimwandika?

Bombay mara mbili

Swali hilo la pili linatupeleka kwa Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, Tanga, ambaye hakukanyaga chuo kikuu chochote. Ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Wahakiki wengi wanaupitia wasifu huu haraka wakimbilie Kusadikika. Mimi nasema ni moja ya vitabu vyetu muhimu kuhusu heshima na inakotoka.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu. Alipoingia mjini hakuwa na ukoo, shule wala mali, na wenye wivu walimtungia nyimbo za kumkejeli asili yake, naye akawajibu kwa wimbo. "Siti" ni jina la heshima, maana yake bibi mkubwa, na alipewa kwa sababu ya sauti. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakaimba Kiswahili katika sahani za santuri.

Msomaji, shika mwaka huo: 1928. Siti yuko Bombay, Woolf yuko Newnham na Girton. Na katika Chumba, zile pauni 500 kwa mwaka zinazompa msimulizi uhuru wa kuandika zimetoka wapi? Kwa shangazi yake aliyekufa kwa kuanguka kutoka kwenye farasi. Wapi? Bombay! Woolf anaitaja Bombay kwa sentensi moja na kuendelea zake. Yeye aliyehesabu kila plamu mezani hakuuliza fedha ya shangazi ilichumwaje katika India ya wakoloni. Simlaumu kwa chuki. Nampenda sana kuliko nilivyodhani. Lakini mhakiki asiyeiona Bombay katika Chumba atadhani kwamba mwanamke wa Fernham ndiye wa mwisho kwenye foleni ya mezani. Nyuma yake walikuwepo wengine, na mmoja wao alikwenda Bombay hiyohiyo bila pauni 500 wala chumba akatoka na sauti iliyofika kila mji wa pwani yetu.

Na Siti alisoma! Kusema kwamba hakwenda shule si kusema kwamba hakufundishwa. Alifundishwa na Muhsin Ali, aliyejua udi. Alifanya kazi na Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na wengine. Na waliomsikiliza, kama Bi Kidude, walichukua nyimbo zake wakaishi nazo hadi karne hii. Bibi angeuliza mwalimu wa chuo hiki, akajibiwa kwa jina. Ningeuliza mimi aliyefundishwa alisema nini, nikapewa sahani za santuri.

Hata hivyo Shaaban Robert naye tumhakiki, maana heshima si kumsujudia mtu. Katika Wasifu mara nyingi anaharakisha kutoka kwenye sauti ya Siti kwenda kwenye mwenendo wake: subira, ukarimu, adabu. Ni kama anahofia kwamba kipaji peke yake hakitoshi kumfanya mwanamke aheshimiwe, lazima apate na cheti cha tabia njema. Ukizisoma zile tenzi mbili za wosia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume, utaona mkono uleule: binti anausiwa kwa mapana juu ya kuwa mke mwema. Tanga ilimtoa mtetezi mkubwa wa utu, na mtetezi huyo bado alikuwa baba wa zama zake.

Rosa bila kitabu

Tabia hii ya kudai cheti cha mwenendo imeenea katika riwaya zetu za baadaye. Chukua Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971. Rosa anasoma shule ya wasichana ya masista, halafu chuo cha ualimu Morogoro. Mwandishi ana ujasiri. Anamshitaki Zakaria, baba anayefunga mlango kwa fimbo, na anamshitaki mkuu wa chuo anayemtumia msichana. Lakini nilipofunga riwaya nilijaribu kukumbuka Rosa alipenda somo gani, alisoma kitabu gani kilichomkosesha usingizi. Sikukumbuka. Nilikumbuka wanaume, kitanda, mimba, kifo. Shule ya wasichana humo ni ua: swali ni nani ameruka, nani amebaki ndani. Si mahali ambapo akili ya msichana inakwenda.

Nadhani hii ndiyo sababu tulicheka siku ile semina. Fasihi tuliyolelewa nayo haijatuonyesha vya kutosha chuo cha wanawake chenye mwanamke anayefikiri ndani yake. Imetuonyesha ua, na pembeni ya ua, jiko. Ndiyo maana nafurahi kwamba tunao kina Ndyanao Balisidya na Penina Muhando, wanawake waliosoma na kufundisha hapa Mlimani na kuandika. Majina yao hayakuazimwa.

Hitimisho

Je, heshima ya chuo cha wanawake ni ya kuazima? Jibu langu ni kwamba jina, ndiyo, mara nyingi huazimwa, na Newnham, Mbweni na hata Dar es Salaam vyote viliwahi kuazima. Lakini jina si heshima yote. Heshima inayobaki ni ile inayojibu maswali mawili: mwalimu ni nani, na aliyefundishwa alisema nini. Newnham kilijibu, ingawa kwa kunywa maji. Mbweni ilijibu nusu, kwa kuwa nusu ya pili haikuandikwa. Siti alijibu yote mawili bila jengo.

Kuhusu jiko la uani, ndugu yangu wa semina hakukosea sana. Alikosea kudhani kwamba ametukana. Kwetu pwani mgeni hukaribishwa barazani, akasifu mlango wa kuchonga, lakini atakayoyakumbuka ni aliyoyala. Hata hivyo sitaki kuishia hapo, kwa kuwa sifa hiyo nayo ni mtego: wanawake wamesifiwa mno kwa kuwalisha watu huku wao wakila ukoko. Woolf angeuliza mpishi mwenyewe alikula nini, nami namuunga mkono.

Ninapoandika haya mdogo wangu amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya wasichana, na vijana wa mtaani wameshaanza kumtania. Ameniandikia kuniuliza kama aende ama aombe kuhamishwa. Nimemwambia aende, na atakapofika asiniandikie habari za majengo. Aniandikie majina ya walimu wake, na anachokisoma. Na bibi nitamjibu likizo ijayo. Nina majina matatu tayari. Ndugu wa jiko la uani anakaribishwa kunijibu katika toleo lijalo.